Chema Chajiuza?

Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii hutajwa sana sokoni, na maana yake ni wazi. Kitu kizuri hakihitaji kelele, kwa kuwa ubora wake wenyewe huwaita wanunuzi; lakini kitu kibaya hakina budi kuzungushwa mlango kwa mlango na kusifiwa na mwenye kukiuza, maana asipokisifu yeye hapana mwingine atakayekisifu. Ni methali yenye busara. Hata hivyo, yeyote aliyepata kuuza kitu, angaa mafungu ya nyanya, atakuwa na swali moja dogo. Je, chema kitajiuzaje ikiwa watu hawajui kwamba kipo? Machungwa matamu yaliyo nyuma ya kilima hayauziki hata moja, mpaka mtu wa kwanza apite huko, aonje, kisha aende kusimulia.

Swali hilo dogo lina historia ndefu. Wafanya biashara wa nchi nyingi wamelijibu kwa namna nyingi: kwa sauti, kwa karatasi, kwa nguo, kwa redio, na katika siku zetu kwa simu na mitandao ya kijamii. Tukiifuata historia hiyo tutaona kwamba vyombo vimebadilika mara kwa mara, bali siri yake ni ile ile: mnunuzi humwendea kwa hiari yule aliyemfaa kabla ya kumwomba fedha. Tena tutaona kwamba siri hiyo ni kama kisu kikali. Chaweza kukata nyama, na chaweza kukata kidole.

Kwanza yatupasa kutenganisha njia mbili za kumfikia mnunuzi. Moja tuiite njia ya kusukuma. Katika njia hii mwuzaji humwendea mtu asiyemwita, humkatiza shughuli zake na kumsemea masikioni: nunua hiki, nunua sasa. Mchuuzi apigaye kengele mtaani alfajiri hufanya hivyo, na bango kubwa lililosimama njia panda hufanya hivyo pia, ingawa halina ulimi. Njia ya pili tuiite ya kuvuta. Katika hii mwuzaji huweka mahali penye wazi jambo lenye manufaa au furaha, kisha hungoja. Anayelihitaji huja mwenyewe, na akiisha kuja huuliza, na akiisha kuuliza pengine hununua. Njia ya kwanza ni ya haraka na yataka fedha. Ya pili ni ya polepole na yataka akili na uvumilivu.

Njia ya kuvuta si ngeni kwetu. Katika mji wa Mombasa, kwenye mtaa wa Biashara, familia ya mfanya biashara Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana sana kwa jina la Abdulla, imeuza leso tangu karne ya 19. Leso zake zilitambulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Inasimuliwa kwamba ni yeye aliyeanzisha, mwanzoni mwa karne ya 20, desturi ya kuandika maneno ya Kiswahili juu ya leso: methali, mafumbo, dua na vijembe. Hebu tufikiri jinsi jambo hilo lilivyofanya kazi. Mwanamke aliyeingia dukani hakununua nguo tu, bali alinunua kauli. Alikuwa na neno la kumwambia jirani, mume, wifi au mke mwenza, nalo ni neno ambalo ulimi uliona haya kulitamka. Alipojitanda leso yake na kupita barabarani, kila aliyemwona aliyasoma yale maneno, na pamoja na maneno aliiona nguo yenyewe na rangi zake. Mnunuzi akawa mtangazaji, wala hakulipwa, wala hakuona kwamba anafanya kazi ya mtu mwingine. Alikuwa akisema lake mwenyewe.

Katika miaka iyo hiyo, ng'ambo ya bahari, watu wengine walikuwa wakiigundua siri hii kwa njia ya karatasi. Huko Marekani, katika jimbo la Illinois, palikuwa na mhunzi aliyeitwa John Deere. Mwaka wa 1837 alitengeneza plau ya chuma cha pua, iliyoweza kupasua udongo mzito wa nyika zile bila kunatiwa na matope. Deere alifariki mwaka wa 1886, lakini kampuni aliyoiacha iliendelea kukua. Mwaka wa 1895 kampuni hiyo ilianza kutoa gazeti la wakulima liitwalo The Furrow, yaani mfuo unaoachwa na plau shambani. Ingekuwa rahisi kulijaza gazeti hilo sifa za plau za Deere tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Lakini mkulima gani angelisoma mara ya pili? Gazeti liliwaeleza wakulima habari za udongo, mbegu, mifugo na hesabu za shamba. Mkulima alilisoma kwa faida yake mwenyewe, na ilipofika siku ya kununua plau mpya, jina lililomjia kwanza lilikuwa la wale waliokuwa wakimfundisha. Gazeti hilo lingali likichapishwa hata leo.

Miaka mitano baadaye, katika nchi ya Ufaransa, ndugu wawili walifanya jambo la ajabu zaidi. André na Édouard Michelin walikuwa na kiwanda cha mipira ya magurudumu katika mji wa Clermont-Ferrand. Taabu yao ilikuwa hii: mwaka wa 1900 nchi nzima ya Ufaransa ilikuwa na magari yasiyofika 3,000. Mipira ya gari haiishi ikiwa gari limelala bandani, wala haiishi upesi ikiwa mwenye gari anaogopa kwenda mbali. Basi ndugu hao hawakusema, "Nunueni mipira yetu." Walichapisha kitabu kidogo chekundu, nakala 35,000, wakakigawa bure. Ndani yake msafiri alipata ramani, maelezo ya kubadili mpira uliopasuka, na majina ya mafundi, ya wauza petroli na ya mahoteli. Mwenye gari aliyekuwa akiogopa njia sasa alikuwa na mwenzi wa safari. Alisafiri, mipira yake ikachakaa, naye akajua pa kununua mingine.

Kitabu hicho kiligawanywa bure mpaka mwaka wa 1920, kilipoanza kuuzwa. Mwaka wa 1926 kilianza kutia nyota kwenye hoteli zenye chakula bora, na mwaka wa 1931 zikawekwa daraja tatu za nyota. Hata leo wapishi wakubwa wa dunia hulala macho wakizingoja nyota hizo. Ni watu wangapi wanaokumbuka kwamba nyota hizo zilizaliwa na haja ya kuuza mipira ya magurudumu? Hapa pana jambo la kuzingatia. Kitabu hiki kiliaminiwa kwa sababu hakikusifu kila hoteli. Lau kingalizisifu zote, kisingalimfaa msafiri, na lau kisingalimfaa msafiri, kisingalimfaa Michelin. Manufaa ya mwuzaji yalipita kwanza katika manufaa ya msomaji.

Ilipokuja redio, njia mbili zile zilichanganyika. Mwaka wa 1933, huko Marekani, kampuni ya Procter & Gamble ilianza kugharamia mchezo wa redio ulioitwa Ma Perkins, habari za mama mjane na jamaa zake, ili kuitangaza sabuni yake iitwayo Oxydol. Kina mama waliokuwa nyumbani waliusikiliza mchezo huo siku baada ya siku, wakicheka na kulia pamoja na watu wasiokuwapo duniani. Mchezo uliendelea hadi mwaka wa 1960, na michezo iliyoufuata ilikuwa mingi hata Waingereza na Wamarekani huiita michezo ya namna hiyo "michezo ya sabuni" mpaka sasa. Hadithi ilimvuta msikilizaji. Tangazo lililopachikwa katikati lilimsukuma. Msikilizaji alilipia hadithi kwa kuvumilia tangazo. Mapatano hayo yalienea katika redio, kisha katika televisheni, na kwa miaka mingi yalionekana kuwa ndiyo biashara yenyewe.

Lakini kila chombo kipya cha habari huleta pia kelele mpya. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, mtu wa mauzo katika kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, alipeleka tangazo moja kwa watu wapatao 400 kwa mara moja, kwa njia ya ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Wengi walioupokea ujumbe huo walilalamika, kwa maana hawakuuomba. Hawakujua kwamba walikuwa wameona tone la kwanza la mvua ya masika. Leo barua pepe zisizoombwa hutumwa kwa mabilioni kila siku. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1994 tovuti ya HotWired ilianza kuweka mabango ya matangazo juu ya kurasa zake. Mwanzoni watu waliyabonyeza kwa ugeni wa jambo lenyewe. Baadaye macho yao yakajifunza kuyaruka, kama mkazi wa karibu na kinu asiyesikia tena ngurumo yake. Sikio la mwanadamu lina mlango. Ukigongwa mno, hufungwa.

Wakati kelele zikizidi, palikuwa pakitengenezwa pia dawa yake. Mwingereza Tim Berners-Lee, akifanya kazi katika kituo cha sayansi cha CERN karibu na mji wa Geneva, alitoa mwaka wa 1989 wazo la kuziunganisha kurasa za maandishi katika kompyuta mbalimbali. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kilitangaza kwamba uvumbuzi huo ni wa watu wote, bila malipo. Kurasa ziliongezeka hata zikawa kama msitu usio na njia. Mwaka wa 1998 wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walianzisha Google, mtambo wa kutafutia habari katika msitu ule. Mtambo wao haukuhesabu maneno tu. Ulitazama pia ni kurasa zipi zinazoelekezwa na kurasa nyingine, ukauweka mbele ukurasa wenye mashahidi wengi na wa kuaminika, kama vile baraza la wazee linavyosadiki zaidi neno lenye mashahidi.

Jambo hilo liligeuza uso wa biashara. Mtu anayetafuta si sawa na mtu anayepigiwa kelele. Anayetafuta ana haja yake tayari, tena ameitamka kwa maneno yake: "Dawa ya viwavi vya mahindi ni ipi?" "Nitajuaje kiatu kinachonifaa?" Mwuzaji mwenye kulijibu swali hilo vizuri hahitaji kumfuata mtu yeyote, kwa kuwa mwenye haja ataletwa mpaka mlangoni pake. Mwaka wa 2006 Brian Halligan na Dharmesh Shah, waliokutana wakisoma katika chuo cha MIT, walianzisha katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, kampuni iitwayo HubSpot. Kazi yake ni kuwasaidia wafanya biashara kuifuata njia hii, na jina walilolieneza kwa Kiingereza lina maana ya biashara inayomwelekeza mnunuzi aje ndani, badala ya mwuzaji kutoka nje kumwinda.

Tuchukue mfano wa mwuza mbegu ili tuone hatua za kazi hiyo. Hatua ya kwanza ni kuvutia: mwuza mbegu huandika katika tovuti yake, au huonyesha kwa picha za video, jinsi ya kupanda nyanya mahali penye mvua chache. Hatua ya pili ni kujuana: msomaji aliyependezwa huombwa aache jina na anwani yake, naye hupewa kijitabu chenye mafunzo zaidi. Hatua ya tatu ni kuuza: sasa wakijuana, mwuzaji aweza kumweleza ni mbegu ipi ifaayo udongo wake. Hatua ya nne, inayosahauliwa na wengi, ni kumridhisha mteja hata baada ya fedha kupokewa, kwa kumwuliza kama mbegu zilimea na kumsaidia zikipata ugonjwa. Mteja aliyeridhika huwaambia wenzake, na duara huanza tena. Katika kazi hii mwenye duka dogo aweza kushindana na tajiri, maana kinachopimwa si uzito wa mfuko bali uzito wa jibu.

Hapana mfano ulio wazi kuliko wa Marcus Sheridan. Mwaka wa 2001 yeye na wenzake wawili walianzisha katika jimbo la Virginia, Marekani, kampuni ya kujenga vidimbwi vya kuogelea vya faibaglasi. Mwaka wa 2008 misukosuko ya fedha iliikumba nchi, na mwanzoni mwa mwaka wa 2009 kampuni yao ilikuwa ukingoni mwa shimo. Nani angejenga kidimbwi cha kuogelea wakati nyumba yenyewe yaweza kutwaliwa na benki? Fedha za matangazo hazikuwapo. Sheridan akafanya jambo ambalo halikuhitaji fedha. Aliketi akayakumbuka maswali yote aliyopata kuulizwa na wateja, kisha akayajibu moja moja kwa maandishi katika tovuti ya kampuni. Miongoni mwake yalikuwamo mawili ambayo wenzake wa kazi ile waliyakwepa kama moto: kidimbwi kinagharimu fedha ngapi, na vidimbwi vya faibaglasi vina kasoro gani.

Mtu aliyesikia habari hiyo angedhani amerukwa na akili. Ni mwuzaji gani atajaye kasoro za bidhaa yake? Lakini wanunuzi walikuwa wakiyatafuta majibu hayo kila mahali, na mtu pekee waliyemwona akiyajibu bila kuficha alikuwa yeye. Kampuni iliokoka. Kwa hesabu aliyoitoa Sheridan mwenyewe, makala moja tu kuhusu bei ilileta mauzo ya zaidi ya dola 2,000,000. Wengine walikuwa na vidimbwi vizuri vile vile. Kilichouza kilikuwa ukweli uliosemwa mapema, kabla haujaulizwa kwa hasira.

Tumesema habari za mwuzaji kuandika na mnunuzi kusoma. Lakini mitandao ya kijamii ilimpa mnunuzi naye kalamu na kipaza sauti. Facebook ilianza mwaka wa 2004, YouTube mwaka wa 2005, na Twitter, ambao tangu mwaka wa 2023 huitwa X, ulianza mwaka wa 2006. Mwaka wa 2008 mwimbaji wa Kanada, Dave Carroll, alisafiri kwa ndege ya shirika la United Airlines, na gitaa lake lenye thamani ya dola 3,500 likavunjika katika mizigo. Alidai fidia kwa muda wa miezi mingi, akakataliwa. Basi alitunga wimbo wa kuchekesha juu ya mkasa huo, na mwezi wa Julai mwaka wa 2009 akauweka katika YouTube. Watu walioutazama walifika mamilioni kabla ya miezi miwili kupita. Shirika kubwa lenye ndege mamia lilijikuta likimwomba radhi mtu mmoja mwenye gitaa. Tangu siku zile wafanya biashara wamejua kwamba mitandao si jukwaa la mwuzaji peke yake. Ni baraza, na katika baraza kila mtu hupewa zamu ya kusema.

Mambo hayo yalifika kwetu kwa kishindo katika muda mfupi. Mwezi wa Machi mwaka wa 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa, na mtu akaweza kumpelekea mwenziwe fedha kwa simu ya mkononi. Mwaka wa 2009 nyaya za baharini, ule wa SEACOM na ule wa TEAMS utokao Fujairah katika Falme za Kiarabu, zilifika Mombasa, na intaneti iliyokuwa ikitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua, ikaanza kuwa ya kasi. Mwaka huo huo ulianza mtandao wa WhatsApp, na wa Instagram ukafuata mwaka wa 2010. Vitu hivyo vitatu, yaani fedha ndani ya simu, intaneti ya kasi na mahali pa kuonyesha picha, vilipokutana, vilimfungulia duka mtu asiye na duka. Mshonaji wa Kisumu huonyesha gauni alilolishona asubuhi; mwalimu wa Nyeri huliona mchana, huulizia bei, hulipa kwa simu, na kifurushi husafiri kwa basi usiku. Mshonaji aliye hodari zaidi haonyeshi gauni tu. Hueleza pia jinsi ya kujipima kiuno, jinsi ya kufua kitambaa kisichuje, na ni rangi gani zipatanazo. Naye aliyefurahi huipeleka picha kwa dada zake, kama yule aliyejitanda leso ya Mombasa na kupita nayo barabarani.

Twaweza kuishia hapo tukafurahi. Lakini historia isiyotaja gharama ni nusu ya historia. Tumesema kwamba siri ya kuvuta ni kutoa kwanza. Basi na tuulize: mitandao hii tunayopewa bure, inatoa nini na inachukua nini? Michelin alipogawa kitabu chake, hakujua msafiri alilala wapi wala alikula nini. Mtandao wa kijamii hujua. Huandika tunachokitazama, muda tunaokitazama, rafiki zetu na mahali tulipo, kisha huwauzia wenye matangazo nafasi ya kutufikia kwa kadiri ya hayo yaliyoandikwa. Msikilizaji wa redio alilipa kwa kuvumilia tangazo. Mtumiaji wa mtandao hulipa kwa habari za maisha yake. Mwaka wa 2018 ilifichuliwa kwamba habari za watu wanaokadiriwa kufika milioni 87 wa Facebook ziliingia mikononi mwa kampuni ya Cambridge Analytica, iliyofanya kazi ya kushawishi wapiga kura. Mwaka wa 2019 serikali ya Marekani iliitoza Facebook faini ya dola 5,000,000,000. Faini ni kubwa, lakini siri ikiisha kutoka hairudi mfukoni.

Kenya nayo haikulala. Mwaka wa 2019 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data. Sheria hiyo yataka mfanya biashara apate idhini ya mtu kabla ya kuzitumia habari zake kwa faida ya biashara, nayo humpa mtu haki ya kujua habari zake zinatumiwaje na kudai zisahihishwe zikiwa na makosa. Kwa hivyo mwuza mbegu wetu, anapoiomba namba ya simu ya msomaji, yampasa kusema anaitakia nini, na kutoitumia kwa jingine.

Hatari ya pili ni ushahidi wa uwongo. Kwa kuwa mnunuzi huwaamini wanunuzi wenziwe, wako wauzaji waliotunga wanunuzi wasiokuwapo ili wawasifu, na wako watu mashuhuri wanaosifu kitu kwa malipo huku wakijifanya wamekipenda tu. Mwaka wa 2024 tume ya biashara ya Marekani ilitoa kanuni ya kupiga marufuku sifa za kubuni na zile za kununuliwa. Kibaya, basi, kimejifunza kuvaa nguo za chema. Hakijitembezi tena peke yake kwa kelele, bali huketi kimya na kuwatuma mashahidi bandia.

Hatari ya tatu humpata mwuzaji mwenyewe. Anayefanya biashara yake yote ndani ya mtandao wa mtu mwingine ni mpangaji, na mpangaji hashiki ufunguo wa lango. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi. Wachuuzi waliokuwa na namba za wateja wao daftarini waliweza kuwapigia. Wasiokuwa nazo waliketi wakaitazama simu kama mvuvi atazamaye bahari iliyokupwa.

Sasa na tuirudie methali yetu. Je, chema chajiuza? Plau ya Deere ilikuwa njema, lakini ilihitaji gazeti. Mipira ya Michelin ilihitaji kitabu, leso ya Mombasa ilihitaji methali, na kidimbwi cha Virginia kilihitaji mtu mwenye ujasiri wa kutaja kasoro zake. Hapana hata kimoja kilichojiuza chenyewe. Lakini wahenga hawakukosea. Pengine hawakuwa wakisema juu ya bidhaa peke yake, bali juu ya mwenendo wa mwuzaji. Palipo na wema wa kweli katika bidhaa, katika maelezo yake na katika ahadi ya mwenye kuiuza, watu wataufuata wenyewe na kuusimulia. Palipo na hila, itabidi hila ijitembeze kila siku kwa vazi jipya, maana vazi la jana limekwisha kutambuliwa.

Vijana wanaoisoma insha hii watakuwa wanunuzi leo, na wengi wao watakuwa wauzaji kesho. Mnunuzi na ajiulize maswali matatu kila avutwapo na kitu katika simu yake: Ni nani anayesema nami? Amelipwa na nani aseme? Naye anachukua nini kwangu kwa hiki anachonipa bure? Mwuzaji naye na ajiulize moja tu, lakini ajiulize kila asubuhi kabla ya kufungua duka lake, liwe la mabati au la mtandaoni: ikiwa mtu atanisikiliza leo bila kununua chochote, je, atakwenda zake akiwa amefaidika? Akiweza kujibu ndiyo, na asubiri kwa moyo mtulivu. Mteja yumo njiani.